Kipochi cha Renita na Kizibao cha Shemasi

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo na kuwamwagia kuku mahindi, Renita aliingia chini ya fremu kubwa ya mbao ya bibi yake ya kushonea, kuokota sindano zilizoanguka. Juu yake kina mama wa kanisa walishona mfarishi, lile blanketi la viraka, huku wakicheka na kusengenya. Kwao Alabama, mfarishi haukushonwa kwa kitambaa cha dukani, bali kwa ovaroli kuukuu, mifuko ya unga na magauni yaliyobana. Renita alikuwa amechoka kutazama magoti ya watu. Alitaka kiti pale kwenye fremu.

"Kwanza nishonee kipochi cha viraka," alisema Bibi Odessa. "Ukilete kwenye sherehe ya kanisa. Mishono ikishika, utakaa nasi."

Renita akapekua kikapu cha mabaki. Akapata ovaroli ya babu, mfuko wa unga na shati la mjomba, vyote vimepauka. Kipochi gani hicho kisichong'aa hata kidogo? Hapo jicho lake likaangukia kizibao cha Shemasi Lucius, cha hariri ya zambarau, kilicholetwa ili vifungo visogezwe. Pai za viazi vitamu zilikuwa zimemnenepesha mzee wa watu.

Renita alijua vizuri kwamba hayo si mabaki. "Lakini Shemasi havui koti hata jua liwake vipi," alijiambia, akakata kipande mgongoni, mahali ambapo koti hufunika. Bibi alisogeza vifungo vya mbele, akakikunja kizibao bila kukigeuza, akakirudisha kwa mwenyewe.

Siku ya sherehe, jua la Agosti lilichoma bila huruma. Meza zilipangwa nje ya kanisa, zimejaa kuku wa kukaanga na pai. Kipochi kikapita mkono kwa mkono, na kina mama wakafanya kama walivyozoea, yaani kutambua kila kiraka kilitoka kwa nani.

"Hii si ovaroli ya marehemu babu yako Amos?" alisema Mama Earline, jirani yao. "Ona, doa la lami hili hapa! Na huu ni mfuko wangu wa unga." Kidole chake kikatua kwenye zambarau. "Enhe, na hii ya nani?"

"Ya... ya mgeni mmoja," Renita akajibu.

"Mgeni wa hariri, hapa kwetu?"

Kabla hajajibu, Shemasi Lucius akaja akijifuta jasho. "Kina mama, mniwie radhi. Leo joto limenishinda. Navua koti."

Mkono mmoja ulikuwa umeshatoka. Renita akawaza atakavyoaibika mbele ya kanisa zima, watu wakimcheka, naye akaona afadhali aibu hiyo iwe yake.

"Usivue, Shemasi!" alipiga kelele. "Una tundu mgongoni! Nimekata mimi, nikashonea kipochi!"

Shemasi akaanza kuzunguka akitafuta mgongo wake, kama mbwa anayefukuza mkia. "Kumbe!" alisema mwishowe. "Tangu asubuhi nahisi kaubaridi mgongoni, nikadhani ni baraka."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu, isipokuwa Bibi Odessa. Alichomoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kofia yake. "Fumua," alisema.

Renita alifumua kiraka alichokipenda kuliko vyote, machozi yakimdondoka. Mama Earline akasogea kwenye benchi ampishe. Shemasi akavua kizibao, Renita akakishonea kiraka mahali pake polepole, hariri ikamrudia mwenyewe. Kipochi kikabaki na pengo. Bibi akachukua mkasi, akakata kipande kwenye pindo la gauni la Renita mwenyewe.

"Bibi! Gauni langu la kanisani!"

"Inauma, siyo? Basi na mwenzio humuuma hivyohivyo. Ziba pengo. Ukiulizwa hicho ni cha nani, hutahitaji kumsingizia mgeni."

Shemasi akavaa kizibao chake, akajipongeza kwa vipande viwili vya pai, kisha cha tatu. Akainama kuchukua cha nne. Paa! Kifungo kikaruka, kikatumbukia kwenye glasi ya Mama Earline. Wote wakakimbilia kumtazama mgongo. Kiraka cha Renita kilikuwa palepale, imara.

"Odessa," alisema Mama Earline akivua kifungo kwa kijiko, "hiki alishona nani?"

Bibi Odessa akakohoa, kisha akacheka yeye mwenyewe mpaka kofia ikakaa upande. Akamvuta mjukuu wake karibu.

"Nilikuwa nimeamua kukunyima kiti mwaka mzima," alimwambia. "Cha mtu hakikatwi, hata kama hakionekani. Lakini ulisema mwenyewe, kabla koti halijavuliwa. Mtoto anayesema kosa lake namna hiyo, naweza kumwachia mkasi wangu bila wasiwasi. Jumamosi njoo na kiti."

Jumamosi Renita alikuja na kiti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona upya vifungo vya Shemasi.