Pango Lililonukia Mchuzi

Mteja wa kwanza kurudisha chakula alikuwa baba mmoja mpole, mwenye kofia ya karatasi waliyomgawia getini. Aliisukuma sahani dirishani kama mtu anayeona aibu kulalamika.

"Samahani, mama. Hiki chakula hakina ladha."

"Chumvi hiyo hapo, baba."

"Nimeshaweka. Ni kama natafuna karatasi."

Sasa, kumwambia mpishi yule kwamba chakula chake hakina ladha kulikuwa ni kutafuta balaa. Bustani nzima ya burudani ilikuwa ya uongo, hilo kila mtu alilijua. Bango la barabarani lilionyesha gurudumu linalogusa mawingu. Ukiingia unakuta gurudumu limeizidi kidogo nguzo ya umeme, tena limekwama, na watu wawili juu wanaomba washushwe. Farasi wa mbao walikuwa na sikio moja moja. Bwawa la mamba lilikuwa na mamba mmoja, wa saruji. Watu walizunguka, wakanuna, wakagombana na watoto wao. Lakini wakifika dirishani kwa mpishi walikula kimya na kulamba vidole, na wapo waliorudi kwa ajili ya mchuzi wake wa kuku tu, wala hawakutazama kingine. Kitu kimoja cha kweli kilikuwamo mle, na kilitoka mkononi mwake.

Mpishi alidondoshea mchuzi wa sufuriani kwenye kiganja, alivyofundishwa na marehemu mama yake, akalamba. Mtamu. Akaonja ule wa kwenye sahani iliyorudishwa. Si mchungu, si mchachu, hakuna kitu kabisa. Sufuria ile ile, upawa ule ule, ila ukishapita dirishani unakuwa maji ya moto yenye rangi. Hadi jioni sahani zilikuwa zimerudi nyingi.

Siku hiyo hiyo Pango la Majini lilianza kutisha.

Hilo Pango, jamani, lilikuwa kichekesho. Unapanda kigari cha reli, unaingizwa gizani, unakutana na jini la maboksi lenye jicho moja la balbu, la pili liliungua zamani. Mbele kidogo kiunzi cha mifupa cha plastiki kinakuangukia kikiwa kimechelewa, umeshapita. Watu walikuwa wanatoka wameshika mbavu. Msimamizi wake alikuwa mdogo wake mpishi, na mwenye bustani alikuwa ameshamwambia kwamba mwisho wa mwezi analifunga na yeye atafute pa kwenda.

Mpishi alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo uliombeba baada ya hapo ulikuwa wa dada yake. Tangu enzi hizo, chakula kikiiva, sahani ya kwanza ni ya Kitinda, awe ana njaa au ameshiba. Hata Kidoti, binti wa mpishi wa kumzaa mwenyewe, alizoea kusubiri ya pili. Pale bustanini pia, kabla dirisha halijafunguliwa, Kitinda alipita mlango wa nyuma, akapokea sahani yake na kusema, "Mungu akuweke, dada," kisha akaenda kuila kazini kwake.

Basi siku ile watu walitoka Pangoni hawacheki. Msichana mmoja alitoka na viatu mkononi, analia, na alipomaliza kulia akarudi kwenye foleni.

"Umebadilisha nini mle?" mpishi alimuuliza mdogo wake.

"Balbu tu, dada." Alikuwa anaangalia chini.

Wiki haikuisha mwenye bustani akaja jikoni. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha mpishi. Alisema watu wanalalamika, na kama mambo hayatarekebishika ataleta mpishi mwingine. Mpishi alikuwa na mtoto wa kulea na chumba cha kupanga. Duniani hakuwa na kingine cha kushika zaidi ya mkono ule, na mkono umemkana.

Waliomfumbua macho walikuwa wasichana wawili waliotoka Pangoni wakiwa bado wanahema. Mmoja alionja, akaweka kijiko chini.

"Huu siyo," alimnong'oneza mwenzake.

"Siyo nini, mwanangu?" mpishi akauliza.

"Mle ndani kunanukia mchuzi, mama, mtamu ajabu. Tulidhani ndio huu."

Mpishi alifunga dirisha. Mchana ule vigari vilikuwa vimesimamishwa kidogo na Kitinda ameenda kunywa chai, kwa hiyo aliinua pazia zito la mlangoni na kuingia kwa miguu, akiifuata reli. Nje kulikuwa na jua kali na muziki wa farasi wa mbao. Hatua chache tu, muziki ukakatika. Harufu ikamjia: kitunguu kilichokaangwa taratibu, tangawizi, kuku aliyelegea mfupani, mchuzi wake mwenyewe, ule ambao kwa siku zote zile haukufika mezani kwa mtu, na kadiri alivyosogea ndivyo ulivyozidi kunukia, mpaka mate yakamjaa mdomoni. Alipita jini la maboksi, akapita kiunzi cha plastiki, akafika pembe ambayo reli haifiki, na pale chini, kwenye giza ambalo macho yalikuwa yanaanza kulizoea, akaiona sahani yake ya bluu, aliyompa Kitinda asubuhi kwa mkono wake, imejaa vilevile, haijaguswa, na juu yake, mahali pasipo na mtu, akasikia mtu anakula, anatafuna polepole, anavunja mfupa, ananyonya uboho, anapumua kwa pua kama mlaji asiyetaka kuondoa mdomo, mpaka kutafuna kukakoma ghafla, na ile sauti, mdomo ukiwa bado umejaa, ikasema kwa sauti ya Kitinda alipokuwa mdogo:

"Mungu akuweke, dada."

Alitoka bila kujua ametokaje. Kitinda alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, na alipomwona dada yake alivyo, akakiweka kikombe chini.

"Umempa chakula changu," mpishi alisema.

"Nilimpa changu, dada. Ukishanipa ni changu."

"Kitinda."

"Nilimwita jini wa kweli aje atishe watu, naye akataka sahani iliyotolewa kwa mapenzi. Nani mwingine ananipikia kwa mapenzi? Nilijua atakula ile moja tu. Sikujua atakula yote." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Nilitaka siku moja tu watu wasinicheke."

Mpishi hakumpiga. Moyo ulimuuma kuliko siku waliyomzika mama yao, kwa maana mama hakuchagua kumwacha. Kila asubuhi alikuwa amelisha jini kwa mkono wake, huku akiombewa dua.

Kesho yake, kabla geti halijafunguliwa kwa watu, alimleta mganga, mama mmoja mfupi mwenye miwani, aliyekuwa amekasirika kwa sababu mlinzi alitaka kumkatia tiketi. Mganga alinusa mlangoni akatikisa kichwa.

"Huyu hakuvamia, amekaribishwa. Mimi nitamshika tu. Aliyemkaribisha amwambie mwenyewe aachie, na dada mtu awepo."

Waliingia watatu. Mganga aliwasha ubani, akasoma anachosoma, na hewa ikawa nzito mpaka masikio yakaziba. Kitinda alipiga magoti mbele ya ile pembe.

"Achia mkono wa dada yangu," alisema.

"Nikiachia nitakula nini?" giza likajibu. "Nipe kingine cha nyumba hiyo hiyo. Au niondoke kabisa, uchekwe."

Mganga alimwambia upesi, "Mwache aondoke. Usimpe chochote."

Kitinda alimtazama dada yake. Kisha akainama, akauweka mdomo karibu kabisa na giza na kunong'ona. Papo hapo harufu ya mchuzi ikazimika.

"Umesema nini?" mganga akauliza.

"Nimempa cha kwangu mwenyewe. Basi."

Walipotoka nje, mganga alikataa hata chai. "Sikusikia alichosema," alimwambia mpishi pembeni, "na mimi siipendi kazi nisiyoisikia." Akaenda zake.

Lakini mchuzi ulirudi. Mteja wa kwanza siku hiyo alikula, akanyamaza, akaomba tena, na mpishi akajifuta macho kwa aproni. Alimsamehe mdogo wake. Mtu uliyembeba mgongoni unamfanya nini? Alijiambia kwamba kijana amejitoa mwenyewe, na akampakulia paja zima.

Jumamosi Kidoti alikuja kumsaidia mama yake kuosha vyombo. Nje ya dirisha mchekeshaji wa bustani, mwenye suruali pana, aliteleza kwenye ganda la ndizi kwa bahati mbaya kabisa, akaketi ndani ya ndoo ya maji. Watu wakaangua kicheko. Kidoti naye alifungua mdomo, mabega yakamtikisika, machozi yakamtoka. Hakutoa sauti yoyote. Akajishika koo.

"Mama," alisema, na kusema alisema vizuri tu, "nacheka, lakini hakitoki."

Mpishi alizima jiko. Dirishani kijana mmoja aliyetoka Pangoni alikuwa anasubiri chakula chake, uso umempauka, na alikuwa amefurahi.

"Mama, hawa watu hatari. Yule mtoto anayecheka mle gizani walimrekodi wapi? Nywele zimenisimama."

Ndipo naye akakisikia, kikipenya pazia zito na kuvuka uwanja: kile kinachoanza kwa kukoroma kidogo puani halafu kinapanda juu, kicheko cha mwanawe. Kidoti alikisikia pia. Alimshika mama yake aproni kwa mikono miwili.

Cha kwangu mwenyewe, Kitinda alikuwa amesema.

Mpishi alitoka hadi uwanjani, upawa bado mkononi. Mlangoni pa Pango foleni ilikuwa imepinda mpaka kwenye farasi wa mbao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamcheka Kitinda. Alimwona dada yake amesimama, na nyuma yake Kidoti. Akawatazama wote wawili kwa muda. Kisha akageuza uso, akakata tiketi, akainua pazia.

"Anayefuata," alisema.