Baraza Aliyoijenga Vipimo

Ndugu zangu, sogeeni niwape kisa cha jirani yetu mmoja, na kila mwenye mama asikilize vizuri.

Mtaa mzima ulimwita Vipimo, maana alikuwa mwashi asiyeweka tofali bila kamba na timazi. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akabaki na mama yake. Enzi zile hawakuwa na kitu, lakini kila alasiri walitandika mkeka mlangoni, wakamenya njegere na kupiga soga. Mama alikuwa hodari wa kuiga watu. Akiiga mwendo wa mwalimu mkuu, mtoto alicheka mpaka akamwaga njegere zote. Ah, siku zile! Mpaka leo Vipimo akizikumbuka, moyo unamuuma.

Alipokuwa mtu mzima akaanza kupanga. Alinunua daftari akaandika maisha yake yote humo: mwaka huu msingi, mwaka ujao paa, mwaka wa tatu baraza pana yenye marumaru na viti viwili vya kuegemea, ili yeye na mama wapumzike kwa raha zao.

Mpango mzuri, sivyo? Tatizo ni kwamba mama hakuomba baraza.

"Mwanangu, njoo ukae kidogo," alimwita kutoka mkekani. "Leo muuza mkaa kapita na viatu vya mkewe!"

"Vumilia, mama. Baraza ikiisha tutakaa mpaka unichoke."

"Kwani huu mkeka una miiba?"

"Mama nawe!" Akacheka kidogo, akarudi kuchekecha mchanga wake.

Miaka mitatu ikawa sita, maana kila akimaliza hiki, daftari lilidai kile. Mama naye akaanza kusahau. Kwanza alisahau chumvi, kisha njia ya sokoni, kisha majina ya watu. Vipimo aliona, tena aliogopa, lakini akajidanganya kwamba mama akipumzika barazani atapata nafuu. Basi akazidi kujenga.

Siku kazi ilipokwisha, alimshika mama mkono, akamkalisha kwenye kiti kipya. Mama akaitazama sakafu, akatabasamu.

"Kazi safi, fundi. Mungu akuzidishie."

"Mama, ni mimi."

"Haya, nenda kwako, fundi, usije ukachelewa. Mimi namngoja mwanangu. Ana shughuli nyingi, lakini atakuja tu."

Vipimo akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Mama akamwonea huruma.

"Unalia nini, fundi? Kaa basi, tumngoje wote."

Akakaa. Tangu hapo kila alasiri hukaa naye, kazi itajijua yenyewe. Siku nyingine hucheka sana pamoja. Lakini mama bado humwita fundi, na macho yake yako barabarani.

FUNZO

Kupanga si dhambi, ndugu zangu. Nyumba haijengwi kwa ndoto. Lakini furaha ndogo za kila siku haziwekwi akiba, na wazee walishasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama akikuita ukae, kaa, hata kama ni chini. Akikuchekesha, cheka leo leo. Usisubiri siku atakapokuwa anakungoja, na wewe umekaa mbele yake.