Nani Aliyeziba Valvu ya Boila Letu?

"Toka nje! Mchukue mtoto, toka!"

Sreten alinisukuma kwa bega, koleo mkononi. Nyuma yake, chumba cha chini, boila letu la kuni, la kupasha nyumba joto, lilikuwa linanguruma na mabomba yanagonga ukuta.

Mshale wa presha ulishapita alama nyekundu!

Jamani wasomaji wangu... nilisimama kwenye theluji na soksi tu, binti yangu Lenka kifuani, nasubiri nyumba iruke.

Haikuruka. Sreten alichota makaa yote ya moto akayamwaga uani, ndoo kwa ndoo, mpaka mkono ukaungua. Kisha akarudi chini. Alipopanda tena alikuwa ameshika boliti yenye kutu, imezungushiwa ule utepe mweupe wa mafundi bomba.

"Nani ameziba valvu ya usalama?"

Sasa mjue, Sreten ni mpambe wa ndoa yetu, baba wa ubatizo wa Lenka, na ni fundi. Kwetu Serbia mtu wa hivyo humkatalii kitu. Ukiita fundi mwingine na yeye yupo, mji mzima utakusema.

Ila mimi na yeye hatuivi. Tulipokuwa tunabadilisha mfumo wa joto, tuligombana dukani mpaka wauzaji wakaacha kazi kututazama.

"Shemeji, boila la kuni linataka tangi la wazi, juu darini. Maji yakichemka yapate pa kupumulia."

"Darini analala mwanangu! Nataka tangi la kufungwa. Hili jekundu."

"Hilo ni dogo kwa nyumba yenu. Chukua kubwa lake."

Mama mkwe wangu, Desanka, ambaye hakualikwa, akadakia: "Kubwa litakaa wapi? Kona ile ya chini ina pipa langu la kabichi ya kuchachusha. Pipa halihami!"

Sreten akashusha pumzi. "Haya. Dogo, pamoja na valvu ya usalama. Tangi likielemewa, valvu itadondosha maji. Mkiyaona, niiteni. Msiiguse!"

Na sasa valvu hiyo hiyo ilikuwa imezibwa.

Nikalipuka mimi badala ya boila.

"Ni wewe! Hukupenda tangi langu, ukataka nijute!"

"Shemeji, sikuziba mimi."

"Utepe huo ni wa fundi! Nani mwingine hapa fundi? Ulitaka kutuua!"

Madirisha ya majirani yakaanza kufunguka. Nikamgeukia mume wangu. "Ognjen, sema kitu!"

Ognjen alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Sreten... labda nenda nyumbani kwanza. Tutaongea."

Sreten akaiweka boliti juu ya theluji, akaondoka ameushikilia mkono wake.

Nikampigia kelele mgongoni: "Na usirudi! Kuanzia leo Lenka hana baba wa ubatizo!"

Mtaa mzima ulisikia.

Mimi na Desanka ni paka na panya. Chumvi ya supu tu inatutosha kununiana wiki nzima. Basi nilipomwona anakuja na ndala zake kwenye theluji, nikajua anakuja kunimalizia.

Akanipita. Akasimama mbele ya mwanawe.

"Mwambie."

"Mama, acha."

"Mwambie, au namwambia mimi!"



"Valvu ilikuwa inadondosha maji machafu kwenye kabichi yangu," Desanka akasema. "Nikamwambia huyu amwite Sreten. Akasema hataki kuchekwa kwamba tangi ni dogo. Akaiziba mwenyewe. Tochi nilimshikia mimi, sikujua ni hatari. Lakini huyu alijua! Na sasa mwenzake anafukuzwa mbele yake, ameungua kwa ajili ya mtoto wake, yeye anaangalia viatu. Mwoga huyu nimemzaa mimi!"



"Ognjen, ulinisikiliza nikisema yote yale?"

"Nilitaka kusema... ulikuwa unapiga kelele."

"Kumbe kosa ni kelele zangu?!"

Kama nisingekuwa nimembeba mtoto, ningemrushia koleo.

Sreten alirudi baada ya kuombwa na kila mtu, bendeji mkononi. Desanka alilivingirisha pipa lake nje mwenyewe, anatukana njia nzima. Sreten akafunga tangi kubwa, akapima presha.

Nilishuka kwake na rakija, pombe yetu kali ya matunda, glasi imejaa, nimeishika kwa mikono miwili.

"Kaka Sreten, nisamehe. Nilikukosea."

Hakuipokea.

"Shemeji, ulinifukuza mtaa mzima ukisikia. Radhi unaniletea chumba cha chini?"

Akafungasha vifaa vyake, akaenda.

Sasa nyumba ina joto hadi darini, na Ognjen kila siku ananibembeleza: "Mke wangu, haya mambo yabaki ndani ya familia."

Yabaki ndani? Lawama zilitoka nje, ukweli ndio ukae ndani?

Ndugu zangu, jifunzeni kwangu: ukimvunjia mtu heshima hadharani, radhi yake usiipeleke kichochoroni.

Kwa hiyo someni wote, na majirani zangu muwe wa kwanza. Sreten hakuziba valvu. Aliyeziba ni Ognjen, mume wangu, na aliyemfukuza asiye na kosa ni mimi.

Ognjen, najua unasoma. Hii siifuti!