Mbu wa Nyumba ya Kumi na Mbili

Rafiki yangu Agnella hukusanya mbu wa utafiti, na jioni ile kijijini Kisawasawa alikuwa amekwisha kupita nyumba kumi na moja kwa miguu. Ilibaki ya kumi na mbili, iliyowekwa kitanda na chandarua lakini ikaachwa bila mtu makusudi, ili ilinganishwe na nyingine. Asubuhi bosi wake, Tamimu, alikuwa amempigia simu.

"Nyumba tupu inakupaje mbu wengi kuliko yenye watoto sita? Kuna mtu unamlaza humo, dada. Kesho nikimkuta, mkataba wako umeisha."

Jirani, Mama Domitila, alimsindikiza hadi mlangoni. "Hivi gizani wanatuonaje?"

"Hawatuoni, mama. Wanafuata hewa tunayoitoa tukipumua."

"Ndiyo maana wanaanza na mume wangu, kwa vile anavyokoroma." Akacheka, akarudi jikoni kwake.

Kufuli lilikuwa zima, na ufunguo alikuwa nao Agnella peke yake. Aliingia, akafunga mlango. Madirisha yalipigiliwa mbao. Gizani mlio wa mbu ulikuwa mzito, lakini alisimama pale akihema kwa uchovu na hakuna hata mmoja aliyemgusa.

Akawasha tochi. Kitandani hapakuwa na mtu. Chandarua kilichomekwa vizuri chini ya godoro, na mbu wote walikuwa wametua juu yake upande wa mto, wakisongamana.

Agnella akabana pumzi ili awahesabu. Taratibu, kitambaa kikavutwa ndani, kikasukumwa nje, kikavutwa tena, na mbu wakayumba nacho.