Waya Uliochomolewa

Kila alfajiri, binti aliyeitwa Chiriku kwa wingi wa maneno yake alimsaidia mama yake kupanga mikate kwenye kikapu cha baiskeli ya umeme, naye mama akaenda kuisambaza madukani. Asubuhi ile waliongozana kwenda kituo cha ukaguzi, kwani serikali ilikuwa imeagiza kila baiskeli ya namna hiyo ipimwe na kuwekwa katika daraja lake. Njia nzima binti hakutamka neno.

"Leo chiriku kameza kokwa?" mama alimtania.

Katika karakana ya kituo, kijana mmoja alipandisha baiskeli yake juu ya vyuma vya mviringo vilivyolazwa sakafuni. Gurudumu likazunguka hata njiti zake zikatoweka machoni, na baiskeli isisogee hata shubiri! Chiriku akaduwaa. Mshale wa kipima mwendo ukaupita mstari mwekundu, ukazidi kupanda.

"Farasi huyo!" kijana alijigamba.

"Farasi wako ana namba? Nawe una leseni?" mkaguzi, mwanamke wa makamo, alimwuliza. "Mota ikisukuma kupita mstari huu, kwa sheria chombo hicho ni pikipiki. Kiache hapa mpaka uvipate."

Chiriku aliitazama baiskeli yao. Mama hakuwa na leseni. Baiskeli ikizuiwa, riziki yao imezuiwa. Na ni yeye aliyechomoa kwa siri waya wa kidhibiti mwendo, apate kuwashinda wenzake mbio.

"Anayefuata!"

"Shikamoo, mama," Chiriku alimwambia mkaguzi. "Mama yangu hajui. Waya wa kidhibiti mwendo nimeuchomoa mimi."

"Kumbe!" mama alimaka. "Ndiyo maana jana nusura nimparamie mzee wa watu!"

Mkaguzi aliinama, akaurudisha waya, akaipima baiskeli juu ya vyuma vile. Mshale ukapanda, ukafika kwenye mstari, ukatulia kama mgeni aliyebisha hodi akangoja kukaribishwa.

"Subhanallah," mama alinong'ona. Chiriku alisisimkwa mwili: waya mwembamba kama uzi wa kushonea, nao umeshika hatamu za chuma kizima!

Mkaguzi alibandika kibandiko cha daraja la baiskeli.

"Ungenyamaza, ningeizuia," alisema. "Lakini kuna kubwa zaidi, mwanangu. Mpaka huu umewekwa kwa ajili ya watu kama yule mzee, wasiosikia chombo kikija nyuma yao. Mwenye nguvu mkononi ana amana shingoni, na aliyekosea akasema kweli ameanza kuitunza."

Mama alimshika binti yake mkono.

"Twende," alisema. "Kabla ya mikate, tukamwombe mzee radhi."