Jina la Kuazima

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata mama mkubwa, dada yake mama, na mimi nilikuwepo. Ukitaka kucheka, cheka mapema.

Siku ilianza vizuri tu. Mama mkubwa alikuwa barazani kwenye cherehani yake akishona sare za shule, mimi natia vifungo, na baba mkubwa kajilaza kwa sababu wiki ile hakuwa na kazi ya ujenzi. Saa nne nikapeleka chai chumba cha mbele kwa Bibi Muuguzi. Nilimkuta amekaa kitandani, miwani usoni, gazeti mapajani. Alikuwa amekufa.

Inabidi nieleze alikuwa nani. Sisi tunaitwa watu wa kuja. Aliyekuja ni babu wa babu yangu, lakini jina limetuganda. Sheria inasema mtu wa kabila letu haandikishwi ardhi, hata ya kuzikia paka. Kupanga nako ni kazi: ukipiga simu chumba kipo, ukifika wakakuona sura, kimeshachukuliwa. Kwa hiyo watu wetu huazima jina. Unatafuta mwenyeji unayemwamini, hati inaandikwa kwa jina lake, nyumba unajenga wewe. Aliyetuazima sisi ni Bibi Muuguzi, muuguzi mstaafu asiye na mume wala mtoto, shoga wa mama mkubwa tangu usichana. Alikaa nasi miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo aliomba kitu kimoja.

"Nikifa," alikuwa akisema huku anacheka, "mniandikie jina langu juu ya kaburi. Lote. La kwangu, la baba na la babu. Nimelitembeza sana kwenye karatasi zenu, nataka nilale nalo."

Tatizo ni kwamba mwenye hati akifa bila mrithi, kiwanja kinarudi halmashauri na waliomo wanapewa siku saba. Kibali cha kuzika kinatoka ofisi ile ile.

Mama mkubwa alimvua miwani, akamfumba macho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kututazama, "Haendi popote. Nyumba ni yake."

Baba mkubwa amefanya kazi ya uashi miaka thelathini. Mchana ule ule alivunja sakafu ya chumba cha mbele. Ili majirani wasisikie sururu, mama mkubwa alirudi kwenye cherehani akakanyaga. Uzi ulikuwa umekwisha, wala hakuona. Alipitisha kipande cha kitambaa cheupe cha marekani chini ya sindano tupu, mbele na nyuma, saa tatu nzima. Marekani iliyobaki ndiyo tuliyomvisha sanda. Mimi nilibeba udongo kwa ndoo hadi nyuma ya choo. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, hata mikono yangu niliiona kama ya mtu mwingine. Jioni baba mkubwa alilainisha saruji kwa mwiko, akaosha vifaa vyake. Jina halikuandikwa.

Saruji ile haikukauka. Wiki ya kwanza tulisingizia mvua. Mwezi wa pili ukikanyaga, unyayo ulibaki na maji. Baba mkubwa aliivunja juu juu akairudia mara tatu, halafu akaacha kuingia chumba kile.

Mwezi wa sita karani wa ardhi alikuja, kama kila mwaka, kuhakikisha mwenye hati yu hai na anaishi humo. Tulikuwa tumejipanga. Mama mkubwa angelala ndani ya chandarua, kajifunika gubigubi, anaumwa, atoe kidole tu. Karani alipobisha hodi nikamwingiza chumba cha mbele. Mapazia yalikuwa yameshushwa. Mkono ukatoka chini ya chandarua. Karani akakikandamiza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye fomu.

"Pole, bibi," akasema. "Mkono wa baridi huu. Mpeni chai ya moto."

Alipotoka nikanong'ona, "Mama mkubwa, ameondoka."

Akaniitikia kutoka nyuma yangu. Alikuwa anatoka uani, jasho linamtiririka. Mlango wa choo ulikuwa umegoma. Alikuwa amekwama humo tangu hodi ya kwanza.

Tukainua chandarua. Shuka ilikuwa imetandikwa. Haikuwa na mkunjo hata mmoja.

Najua, wewe ungekimbia. Sisi tungekimbilia wapi? Mama mkubwa alizunguka mitaa mitano akiulizia chumba, na kote vilikuwa vimeshachukuliwa. Jioni akarudi, tukala, tukalala. Asubuhi miwani ya Bibi Muuguzi ilikuwa dirishani. Nikairudisha kabatini. Kesho yake ilikuwa dirishani tena. Nikaiacha. Tulizoea, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Baada ya mwezi ikaja barua. Mwenye nyumba anawataka wakaaji wake waondoke ndani ya siku saba. Chini palikuwa na alama ya kidole gumba.

Tuliipeleka ofisini. Karani akashangaa jinsi tulivyoshangaa.

"Mwenyewe alikuja hapa," akasema. "Alikaa kwenye kiti hicho. Nikamwuliza kisa nini, akasema mliahidiana kitu kimoja tu."

Mama mkubwa angesema nini? Kwamba amekufa? Akaikunja barua. Njiani niliisugua ile alama. Wino haukutoka. Ulitoka udongo mbichi.

Siku ya saba mkokoteni ulikuwa mlangoni. Baba mkubwa akaingia chumba cha mbele na msumari, aliandike jina kwenye saruji, angalau hilo. Nilimsikia akikwaruza. Akakwaruza tena. Kisha akatoka na msumari umepinda.

"Imekauka," akanong'ona. "Imekauka kama jiwe."

Sasa tunaishi chumba kimoja nyuma ya karakana, kwa jina la mtu mwingine. Juzi mchana mama mkubwa alikuwa anatafuta kiraka, akavuta droo ya cherehani na kutoa kile kipande cha marekani cha siku ile. Akakiinua dirishani. Mwanga ukapenya kwenye matundu ya sindano.

Haikuwa mistari. Lilikuwa jina. La Bibi Muuguzi, la baba yake na la babu yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, ule wa kulalia kushoto tuliouona miaka yote kwenye karatasi zetu.

Mama mkubwa alitia uzi mweusi kwenye sindano, akaanza kufuata matundu, herufi moja baada ya nyingine. Nikakishika kitambaa nimsaidie kukinyoosha.

Kilikuwa kimelowa.