Usifungue Mlango, Dada

Sauti ya Salah ilikosea mahali ambapo haikuwahi kukosea, na Ugbad, mjane wake, akaacha chai ifurike hadi ikazima makaa.

Salah alikuwa mtafsiri wa filamu katika banda la video mjini Garissa. Alipenda zile za kutisha za Waingereza, zilizotengenezwa kwa bei ya mbuzi wawili. Alizicheka mno: damu ya tomato sosi, wigi linaloteleza, nyumba ile ile katika kila filamu. "Lakini hawa hawana pesa ya kuonyesha jini," alizoea kusema, "kwa hiyo wanakuonyesha mlango tu. Na mlango unatisha kuliko jini." Kasoro moja hakuisamehe kamwe: mwanamke anasikia hodi usiku, na anafungua. Hapo Salah aliacha kutafsiri, akamkemea: "Usifungue mlango, dada!" Banda zima lilipiga kelele pamoja naye.

Kisha lori likapinduka karibu na Modogashe. Wanaume walimzika huko huko siku ile ile, kama inavyopasa, na mkewe na mama yake hawakumwona. Ugbad akakaa eda nyumbani, na kitu pekee cha Salah kilichobaki kikisema ni zile filamu kwenye kompyuta yake, alizozirekodia tafsiri kwa sauti yake mwenyewe. Alizifungulia kila siku akipika. Watu na waseme. Alimpenda.

Sasa, jioni hiyo, mwanamke wa filamu alipofika mlangoni, sauti ya Salah ilisema polepole, "Fungua, dada."

Ugbad akairudisha nyuma. "Fungua, dada." Akazima kompyuta. Adhana ya magharibi ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha. Harufu ya udongo mbichi ikaingia ndani, na mvua haijanyesha kwa miezi. Mlango wa mabati ukagongwa.

"Ugbad," ikasema sauti ya Salah kutoka nje. "Nifungulie."

Arbia, mama yake Salah, aliinuka kwenye msala. "Naa Ugbad," alinong'ona, "huyo ni mwanangu."

"Hooyo, mama yangu, kaa chini. Wallahi si yeye."

"Wewe uliona akizikwa?"

"Hapana."

"Mimi pia sikuona! Labda walizika mtu mwingine. Fungua!"

Ugbad akashika komeo, na chuma kilikuwa baridi katika joto lote lile, na nje sauti ikaendelea kubembeleza, ikisema ina kiu, ikisema imetembea kwa miguu kutoka Modogashe, ikicheka kile kicheko cha puani alichowacheka nacho Waingereza na mawigi yao, na Ugbad akatamani, Mungu amsamehe, akatamani kwa mwili wake wote awe mjinga kama yule mwanamke wa filamu, afungue, amwone mara moja tu, hata kama ingekuwa mara ya mwisho kuona chochote.

"Salah hakumwambia mwanamke yeyote afungue," alisema. Akaachia komeo, akaketi kuziba mlango, akamkumbatia Arbia kwa nguvu asimpite, wote wawili wakilia, mpaka harufu ilipokwisha.

Asubuhi alikuja Sheikh Korane. Aliisikiliza kompyuta, akatikisa kichwa.

"Jini hili limevaa sauti yake," alisema. "Nikilisomea, litaondoka na nguo liliyoivaa, hata humu kwenye filamu. Mnaniruhusu?"

Arbia alijifunika uso kwa shela. Jibu likabaki kwa Ugbad, naye akaifunika kompyuta kwa kiganja.

"Soma, sheikh."

Alisoma Ayatul Kursi juu ya maji, akayanyunyiza nyumba nzima. Yalipogusa komeo, kitu kikalia nje kwa sauti ya Salah, "Hooyo, hooyo," kikienda mbali, kikififia kuelekea barabara ya Modogashe, na Arbia akaitika kila mara hadi pakawa kimya.

Jioni Ugbad alifungulia filamu tena. Waingereza waliongea Kiingereza chao, ambacho yeye hakukielewa. Tomato sosi ikamwagika. Mwanamke akasikia hodi, akauendea mlango. Ugbad akasubiri. Hakuna aliyesema kitu.

"Usifungue mlango, dada," alisema Ugbad, peke yake.

Yule mwanamke akafungua.